Barua kwa mwanangu: kuhusu mipaka unayotaka kuichunguza

Malmö

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unaniuliza kama ukubali ile nafasi ya utafiti ya miaka 2, sasa kwa kuwa umemaliza shahada yako ya uzamivu, ukaishi Gorizia, mji wa Italia ulio mpakani na Slovenia, na kuwahoji watu juu ya maisha yao na mipaka ya Ulaya. Umenieleza vizuri habari za ule uwanja ulio mbele ya stesheni, uliogawanywa mwaka 1947, Italia huku na Yugoslavia kule, uzio wake ukaja kuondolewa mwaka 2004 Slovenia ilipoingia Umoja wa Ulaya, na sasa watoto wanaruka kutoka nchi hadi nchi juu ya duara lililowekwa chini katikati yake. Ni habari ya kupendeza. Mimi ninachojiuliza ni kama mpaka huonekana kwa kwenda kuutazama pale ulipochorwa.

Unajua ninavyosema siku zote, na baba yako amekwisha kuchoka kunisikia: mpaka humchagua mtu wake. Mjomba wako Hamisi hajawahi kukanyaga Ulaya, lakini mpaka wa Ulaya ulimfuata hadi Dar es Salaam, kwenye dirisha la ubalozi mmoja, alipoomba viza ya kuja kwenye harusi ya dada yako. Ada aliyolipa haikurudi, na karatasi aliyopewa ilisema kwamba nia yake ya kurejea kwao haikuthibitika. Yeye mwenye michungwa yake Muheza, ambaye hata akija Tanga mjini halali.

Hiyo ya mjomba wako huwa tunaicheka. Ya Kastrup sijawahi kukuambia.

Miaka yote niliyofanya kazi Copenhagen, ng'ambo ya Malmö yetu, daraja la Öresund kati ya Denmark na Sweden, lililofunguliwa mwaka 2000, lilikuwa kwangu kama njia ya kwenda sokoni. Watu wa nchi za Nordic, hizi za kaskazini mwa Ulaya, walikuwa wakivuka mipaka yao bila pasipoti tangu miaka ya 1950, na sisi tuliokwisha kupata uraia tukavuka nao. Ndipo tarehe 4 Januari 2016 ikaanza amri kwamba kila anayeingia Sweden kwa treni kutoka Denmark aonyeshe kitambulisho kabla ya kupanda, na pale Kastrup, stesheni ya uwanja wa ndege wa Copenhagen, tukawa tunashushwa, tunapanga foleni mbele ya walinzi, halafu tunapanda treni nyingine. Mwezi uleule ulikuja kunichukua kazini, tukanunua vile viatu vyako vya baridi. Ulikuwa na miaka 17. Mbele yetu alikuwa mfanyakazi mwenzangu, mwenyeji, naye alipunga kadi yake akapita. Pasipoti yangu mlinzi aliipindua, akaielekeza kwenye taa, akanitazama, akaitazama tena, akaniuliza ninakwenda wapi. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa kusema nyumbani. Ukajibu wewe, kwa Kiswidi chako cha Skåne, mkoa wetu huu, upesi upesi, kwa sauti ya mtu anayemvusha bibi kizee barabara. Yule kijana akatabasamu, na pasipoti yangu akakukabidhi wewe.

Mlinzi yule nilikuwa nimemsahau treni ilipofika Hyllie, stesheni ya kwanza upande wa Sweden. Mkono wako ulioipokea pasipoti yangu sijausahau.

Pengine ninakuonea. Ulikuwa mtoto, foleni ilikuwa ndefu, upepo ulikuwa unakata, na ulitaka kuninusuru. Wala serikali sitaki kuisingizia: mwaka 2015 watu wapatao 163,000 waliomba hifadhi Sweden, nchi ambayo wakati huo haikuwa imefikisha watu milioni 10, na katika hao wako waliolala nje, ilhali mimi na wewe tulikuwa na mfuko wa viatu vipya. Ukaguzi ule wa Kastrup wenyewe ulikwisha Mei 2017. Basi kwa nini hadi leo unaniuma? Narudi palepale, mpaka humchagua mtu wake, na siku ile ulinichagua mimi ukakuacha wewe, nasi tulikuwa tumeshikana mikono.

Sasa unataka ndiyo au hapana. Jibu ninalo na ulimi unaniwasha, ila miaka 2 hiyo ni yako, kwa hiyo nitajizuia, ingawa kwa shida. Hutakosa la kuandika huko, maana tangu Oktoba 2023 Italia imerudisha ukaguzi upande wa Slovenia, na wazee wa mji watakaokukaribisha kahawa watakuwa na mengi. Ninayemwaza ni yule atakayeshushwa kwenye basi mbele ya macho yako, akatafuta neno la kumjibu polisi, nawe neno hilo unalijua.

Ukipenda kuanza na mimi, njoo Jumamosi, nitapika samaki wa nazi. Uje na kinasa sauti chako, uniulize kwa Kiswahili, na uniache nimalize.

Mama yako