Anzeni na korido

Mhariri, wiki hii mmeuliza: chuo kikuu kikipata fedha za kujenga jengo moja tu, kitangulize lipi kati ya ukumbi wa mihadhara, maktaba, maabara na hosteli? Naona swali limeruka hatua. Lolote kati ya hayo manne laweza kuwafaa watu kwa miaka mingi au kuwa hasara, na kinachoamua ni sehemu ambazo hamkuzitaja: korido, ngazi, baraza, ua, njia yenye paa ya kutoka jengo hili hadi lile. Mwanafunzi husikiliza mhadhara akiwa chumbani. Kuubishia, kumwuliza mwenzake pale alipoachwa njiani, kumdaka mhadhiri kabla hajajifungia ofisini, hayo hufanyika nje ya mlango. Kwa hiyo jengo lolote mtakalochagua, hesabu ya fedha ianzie huko nje ya mlango.

Kazi yangu ni kusimamia matengenezo ya majengo, na nimeifanya zaidi vyuoni. Kuna jengo moja la idara ninalolifahamu vizuri. Ukiingia unapokewa na vioo vya ghorofa tatu kwenda juu, marumaru chini, na jina la chuo ukutani kwa herufi za chuma. Ukipanda juu, korido ni nyembamba mno: watu wawili wenye mabegi mgongoni wakikutana, lazima mmoja apite ubavu. Dirisha hakuna, kwa hiyo taa huwaka mchana kutwa. Wanaomsubiri mhadhiri huketi sakafuni, migongo ukutani, magoti wameyakunja, na kila anayepita huwaruka. Ukuta ule hatuachi kuupaka rangi, na kila baada ya muda mstari mweusi hurudi palepale, kwa kimo cha mabega ya mtu aliyeketi. Mstari huo unaonyesha kabisa baraza ilipaswa kujengwa wapi.

Na baraza yenyewe haina gharama ya kutisha. Iwe na kimo cha sentimita 45 hivi, kina cha kumtosha mtu na daftari lake, soketi ya umeme chini, dirisha karibu. Korido ikitanuliwa kidogo mbele ya kila kundi la ofisi, wanaosubiri watapata pa kukaa na wapitao watapata njia. Ngazi nazo ziwe pana, zenye mwanga, na ziwe mahali ambapo mtu anaziona kabla hajaiona lifti. Anayetumia kiti cha magurudumu aingie kwa mlango uleule wa wenzake, kwa mteremko usiozidi sentimita 1 ya kimo kwa kila sentimita 12 za urefu. Kumzungusha nyuma kwenye mapipa ya taka ni kumwambia kwamba hakutarajiwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa jengo lisilokuwa na uzuri wowote. Mwaka 1943, katikati ya vita, chuo cha MIT nchini Marekani kilijenga Jengo la 20 kwa ajili ya utafiti wa rada. Lilikuwa la mbao na lilikusudiwa libomolewe vita vikiisha. Likadumu hadi 1998. Kwa miaka hiyo yote lilipokea watu waliokosa nafasi kwingine: wanafizikia, wataalamu wa sauti na umeme, na wanaisimu, akiwemo Noam Chomsky. Mpangilio wake ulikuwa wa mabawa marefu yenye korido ndefu, hivyo mtu alipita kwenye milango ya fani nyingine kabla ya kufika kwenye mlango wake. Na kwa kuwa hakuna aliyelionea uchungu, mtafiti aliyehitaji kupitisha waya alitoboa ukuta. Mwanafizikia Jerrold Zacharias, alipokuwa akishughulikia saa ya atomi, aliondoa sakafu mbili ili mtambo wake upate kimo.

Sisemi tujenge mabanda. Jengo lile lilikuwa na joto kali wakati wa kiangazi na lilijaa vumbi, na hakuna anayestahili kufanya kazi hivyo. Cha kuiga ni kwamba kuta za ndani hazikuwa zimebeba jengo na mabomba yalikuwa wazi. Ukuta wa kugawa vyumba ukiwa mwepesi, idara ikiongezeka au kupungua utahamishwa kwa siku chache. Ukiwa wa zege lenye nondo, idara itajibana humo kwa nusu karne.

Kuhusu jua na mvua, nendeni mkaangalie michoro ya Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo kilichoko Ile-Ife, Nigeria. Msanifu Arieh Sharon na wenzake walianza kukipanga mwanzoni mwa miaka ya 1960. Majengo ya kitivo cha sanaa yanatanuka kadiri yanavyopanda, kama piramidi iliyopinduliwa, kila ghorofa ikijitokeza nje kuliko ile iliyo chini yake. Ghorofa ya juu ndiyo mwavuli wa ya chini. Jua la utosini halifiki kwenye dirisha, mvua hailazimishi mtu kufunga, upepo unapita kutoka upande mmoja hadi mwingine, na chini kabisa pameachwa wazi ili watu wapite na wasimame kivulini. Kisha linganisheni na jengo la vioo vitupu linalotegemea viyoyozi. Umeme ukikatika, darasa limevunjika. Tofauti hiyo hutoka kwenye kalamu ya msanifu, wiki ya kwanza ya kazi, kabla hata tofali moja halijanunuliwa.

Mji wa chuo wa Caracas, Venezuela, uliosanifiwa na Carlos Raúl Villanueva, unastahili kurasa nyingi kuliko mtakazonipa. Wengi huusifia ukumbi wake mkuu, ambamo Alexander Calder alitundika vibao vikubwa vya rangi kama mawingu, vibao ambavyo pia husaidia sauti kusikika vizuri. Ni kazi nzuri kweli. Lakini mimi navutiwa na njia za nje, zenye mapaa ya zege yaliyopindwa mithili ya mawimbi, zinazounganisha vitivo ili mwanafunzi atembee kivulini kutoka somo hadi somo. UNESCO iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2000. Mwaka 2020 sehemu ya mojawapo ya mapaa hayo ikaanguka, baada ya miaka mingi ya kukosa matunzo. Habari ile iliniuma. Paa la zege likiachwa na maji yaliyotuama, maji hupenya kwenye nyufa, nondo hushika kutu, kutu huvimba na kulibandua zege kutoka ndani. Huanza na doa la kahawia ambalo fundi mmoja mwenye ngazi angeliona mapema.

Kikwazo kikubwa ninachokutana nacho ni jedwali la eneo. Kamati ya ujenzi huletewa jumla ya mita za mraba, na pembeni yake mita zinazohesabiwa kuwa na matumizi. Vyumba vina matumizi; korido, ngazi na baraza huonekana hazina. Gharama zikipanda, kalamu nyekundu huanzia huko. Hakuna mwenye korido kwenye kikao, ilhali kila mkuu wa idara yupo kutetea vyumba vyake. Ningependa wanafunzi wawili watatu wakae kwenye kikao hicho na wapewe ramani waulize: somo la watu 200 likitoka na lingine la watu 200 likiingia, hawa 400 wanasimama wapi?

Nikilazimishwa kuchagua kwenye orodha yenu, nachagua maktaba, kwa sababu haina kitivo kinachoweza kuidai kuwa yake na hufunguliwa hadi usiku. Ghorofa ya chini iwe nje ya lango la ukaguzi, yenye meza, maji ya kunywa, vyoo na mwanga wa kutosha, wazi kwa kila mtu wa chuo hata rafu za juu zikiwa zimefungwa. Na bajeti ya matengenezo ya miaka 10 isainiwe siku ileile ya kusaini mkataba na mkandarasi.