Mpwa amepoteza uoni; je, wanangu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 22. Jicho la kulia lilianza kuona ukungu katikati, bila maumivu. Wiki saba baadaye la kushoto likafuata. Miwani haikusaidia kitu. Akapelekwa India, akarudi na karatasi imeandikwa MT-ND4, 11778. Mjomba wetu, kaka wa mama, naye alipofuka ujanani, wazee wakasema karogwa. Mimi nina watoto watatu. Nao wamo?
Baba Salma, Tanga

JIBU: Marahaba, Baba Salma. Wanao hawamo. Ugonjwa huu wa neva ya jicho, uitwao ugonjwa wa Leber, hawawezi kuurithi kwako.

Nilifundisha baiolojia miaka 31, nikichora mitokondria, vijumba vya nishati ndani ya seli, ubaoni kama punje ya karanga, na sikumbuki kama niliwahi kuwaambia wanafunzi kwamba punje ile ina DNA yake, yaani maandishi yake ya urithi. Inayo: duara dogo la herufi 16,569, na sote tumelipata kwenye yai la mama. La baba halipiti. Jeni ya MT-ND4, ile ya kwenye karatasi, imo humo. Inaagiza kipande kimoja cha kimeng'enya kikubwa chenye vipande 45, kinachopokea elektroni zitokazo kwenye chakula ili seli ipate nishati. Kwa mpwa wako, kwenye nafasi ya 11778 palipokuwa na G pana A. Herufi moja tu! Neva ya jicho hula nishati nyingi, ndiyo maana huumia neva yenyewe, na miwani haina la kufanya. Mjerumani Theodor Leber aliueleza ugonjwa huu mwaka 1871. Herufi yenyewe ilitambuliwa 1988 na Douglas Wallace na wenzake, Marekani.

Wewe huenda unayo herufi hiyo, maana mama yenu ni mmoja. Wengi wanayo na hawapofuki maisha yao yote, ingawa wanaume huathirika zaidi kuliko wanawake. Unavuta sigara? Acha leo, na huyo kijana pia. Moshi unahusishwa na kupoteza uoni kwa wenye herufi hii. Pombe kali nayo muiache. Ipo dawa, idebenoni, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2015; huwasaidia baadhi, si wote. Muulizeni daktari wa macho.

Dada yako asisemwe vibaya. Alipewa na mama yenu, naye akapewa na bibi. Wenye kuhitaji maelezo haya ni binti zake, kwani wao ndio wataipitisha kwa watoto wao.

Na mjomba hakurogwa. Alioa? Kama ana watoto, nao hawamo.