Biti 64 haziongezi mwendo mara mbili

Swali: Kompyuta yangu ya zamani ina RAM ya GB 2 na Windows 10 ya biti 32. Fundi alisema prosesa yake ni ya biti 64, kwa hiyo nusu ya nguvu imelala. Akanipigia Windows ya biti 64. Sasa ni nzito kuliko mwanzo. Shida ni nini?

Jibu: Ndugu yangu, umepewa ushauri mbovu, na kompyuta zilizoharibiwa na ushauri huohuo naletewa kila mara. Biti si mwendo! Ni ukubwa wa namba ambayo prosesa inaishika kwa mkupuo mmoja, na urefu wa anwani inayotumia kutafuta kitu kwenye RAM. Anwani ya biti 32 inafikia baiti 4,294,967,296, yaani GB 4. Mwenye GB 8 akibaki na biti 32 anapoteza. Wewe mwenye GB 2 ulikuwa hupotezi kitu.

Ulichoongezewa ni mzigo. Ndani ya programu mmejaa vielekezi, yaani anwani za kuonyesha data iko wapi. Kila kimoja kilichukua baiti 4, sasa kinachukua 8. Data ileile inanenepa, RAM inajaa, Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na hapo mwendo unakufa. Tena Windows ya biti 64 hubeba seti mbili za maktaba za mfumo, yaani mafaili ya msimbo ambayo programu nyingi hutumia kwa pamoja, ili programu za biti 32 ziendelee kufanya kazi. Microsoft wenyewe waliandika kima cha chini: GB 1 kwa Windows 10 ya biti 32, GB 2 kwa ya biti 64. Fundi wako hakusoma hata mstari huo.

Faida zipo, hasa kwenye video na hesabu za namba kubwa. Prosesa za biti 64 za kampuni ya AMD za mwaka 2003 zilikuja na rejista za kawaida (vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa yenyewe) 16 badala ya 8, na kasi nyingi inayosifiwa inatoka huko. Lakini programu iliyotengenezwa kwa biti 32 haizipati rejista hizo za ziada.

Usirudi nyuma, kwa kuwa Windows 11 haina toleo la biti 32. Weka pesa kwenye RAM, ifike angalau GB 4, kisha SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka.

Kinachonikera zaidi ni vijiprogramu vya mtandaoni vinavyodai kugeuza Windows ya biti 32 iwe ya 64. Hakuna kitu kama hicho. Lazima mfumo usakinishwe upya, na nimeletewa mashine zilizofutwa kila kitu bila mwenyewe kuulizwa kama ana nakala ya mafaili yake. Kabla fundi yeyote hajagusa yako, mwambie abonyeze Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, akuonyeshe RAM imejaa kiasi gani na diski inahangaika vipi. Akikataa, chukua kompyuta yako uondoke.