Maswali ya Wajenzi: Nyumba ya Magogo kwa Mfuko Mdogo

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu nyumba za magogo, nazo nyingi zimetoka Mufindi, Njombe na Lushoto, mahali ambako paini si mti wa kutafuta. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu majibu ya nyingine yanaiegemea.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu wilayani Mufindi. Nina ekari moja ya paini niliyoipanda mwaka 2006, na kiinua mgongo kilichobaki hakitoshi kujenga nyumba ya tofali ya vyumba vitatu. Vijana wangu wawili wana nguvu, na msumeno wa mnyororo tunao. Je, nikijenga kwa magogo yangu mwenyewe nitapunguza gharama kweli?
*Msomaji, Mufindi*

Mwalimu, shikamoo. Utapunguza gharama ya kuta, na kuta peke yake. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi huona miti yao imesimama shambani wakadhani nyumba imeshasimama, ilhali msingi, sakafu, paa, milango, madirisha na nyaya za umeme vinagharimu vilevile, ukuta uwe wa tofali au wa gogo. Anayetaka nyumba nafuu ya magogo basi haanzi kwa kuhesabu miti, bali anaanza kwa kuchora nyumba ndogo yenye umbo la mstatili na paa la migongo miwili tu, kwa kuwa kila kona unayoiongeza inakuongezea viungo vya kuchonga ukutani na mahali pa kuvuja darini.

Chukua mfano wa nyumba ya mita 6 kwa mita 8, ambayo inatosha vyumba viwili vya kulala, sebule na jiko. Ukiijenga kwa mtindo unaoonekana sana kwenye picha, yaani magogo marefu yanayopishana kwenye kona, utahitaji magogo ya zaidi ya mita 8, na gogo bichi la paini la urefu huo lenye kipenyo cha sentimita 20 lina uzito wa karibu kilo 240. Vijana wawili hawatalipandisha juu ya ukuta wa mita 2 bila winchi au kundi la wasaidizi wanaohitaji kulipwa na kulishwa. Hapo ndipo akiba ya ukuta inapoyeyuka.

Kwa hali yako ningechagua mtindo wa nguzo na magogo mafupi. Wafaransa waliohamia Kanada waliutumia sana, na vituo vingi vya biashara ya manyoya vya nchi ile vilijengwa hivyo, kwa sababu ileile uliyo nayo wewe: watu wachache na hakuna mashine. Unasimamisha nguzo kila baada ya mita 2, unachimba mfereji wima katika ubavu wa kila nguzo, kisha unachonga ncha za magogo mafupi ziwe ndimi na kuyatelezesha kutoka juu, moja juu ya jingine, mpaka ukuta ujae. Juu ya nguzo zote unalaza mtambaapanya wa kuzifunga pamoja na kubeba kenchi. Gogo la urefu wa mita 1.8 hubebwa na watu wawili hata likiwa bichi, na likianza kukauka hupungua uzito mno. Faida nyingine ni kwamba mti uliopinda, ambao haufai kutoa gogo la mita 8, unatoa vipande vitatu vilivyonyooka.

Hesabu yenyewe ni hii. Mzunguko wa nyumba ni mita 28, kwa hiyo nafasi kati ya nguzo ni 14. Ukichonga kila gogo bapa juu na chini hadi likabaki na kimo cha sentimita 18, mistari 13 itakupa ukuta wa karibu mita 2.35. Mara 14, unapata vipande 182 kabla ya kutoa milango na madirisha. Mti mmoja ukitoa vipande vitatu vizuri, miti 61 inatosha. Ongeza kumi kwa ajili ya nguzo, mtambaapanya na makosa ya msumeno. Miti yako ina umri wa kutosha, na hilo ni jema, kwa sababu paini inayokatwa kabla ya miaka kumi, kama inavyofanyika sana siku hizi, ina mbao changa zinazojipinda na kujisokota zikikauka. Iliyobaki uza, ulipie bati.

Msingi wako uwe wa vijiguzo vya mawe na saruji, si ukuta wa kuzunguka nyumba nzima. Kwa nafasi ya mita 2 kila upande utakuwa na safu nne za vijiguzo vitano, jumla 20, na akiba ya saruji hapo ni kubwa. Vipandishe mpaka gogo la chini kabisa liwe sentimita 45 juu ya ardhi, na upepo upite chini ya sakafu. Paa nalo litokeze nje ya ukuta kwa sentimita 80 au zaidi. Kati ya ushauri wote ninaoutoa hapa, huo wa paa ndio ambao wajenzi hupenda kuukwepa ili kuokoa bati mbili tatu. Baada ya masika machache magogo ya chini yanakuwa meusi na laini, na kubadilisha gogo la chini la nyumba iliyosimama ni kazi nisiyomtakia mtu yeyote.

Sasa jambo la kukauka, ambalo ndilo linaloitofautisha nyumba hii na ya tofali. Tofali likishajengwa limetulia, lakini gogo linaendelea kusogea kwa miaka. Likikauka halipungui urefu kwa kiasi cha kuonekana, ila linapungua unene, na ukuta wa magogo mabichi hushuka kwa takriban sentimita 5 hadi 6 kwa kila mita ya kimo. Kata miti mwezi Juni, mvua zikiwa zimekwisha. Bambua magome siku ileile, kwa sababu chini ya gome ndiko wadudu wanakotaga na ukungu wa buluu unakoanzia. Paka ncha rangi yoyote iliyobaki ili zisipasuke haraka. Kisha yapange juu ya mawe, kila gogo likiachana na jenzake, chini ya kivuli kinachopitisha upepo. Kiangazi kimoja hakikaushi kiini cha gogo nene, lakini kinaondoa sehemu kubwa ya maji. Kabla ya kupanga ukutani, pitisha msumeno kwa urefu kwenye upande wa juu wa gogo, kina cha robo ya kipenyo, na ufa mkubwa utafunguka hapo palipofichika badala ya kufunguka usoni mwa ukuta na kukusanya maji.

Katika mtindo wa nguzo, kushuka huko kutaonekana kama mwanya chini ya mtambaapanya, kwa sababu nguzo zenyewe hazifupiki. Ufunike kwa ubao uliopigiliwa kwenye mtambaapanya tu, na baada ya miaka miwili ujaze pengo kwa kipande chembamba. Juu ya fremu za milango na madirisha acha nafasi vivyo hivyo. Mlango wa mita 2 unahitaji sentimita 10 hadi 12, zilizojazwa nyuzi laini na kufichwa kwa ubao. Mimi mwenyewe niliwahi kujenga jiko la nje la magogo na kubana fremu barabara kama nilivyozoea kwenye tofali, nikasifiwa na majirani kwa kazi safi. Kiangazi cha pili mlango haukufunguka, na niliingia jikoni kwangu kwa shoka.

Kuhusu vibali, kuwa na miti yako hakukuondolei wajibu. Pita ofisi ya kijiji kabla ya kukata, na kama magogo yatatoka kijijini kwenda kwenye kiwanja chako cha mjini, ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu itakuhitaji uwe na hati ya kuyasafirisha, na halmashauri itakuhitaji uwe na kibali cha ujenzi.

Mchwa wametumalizia banda la ng'ombe. Mume wangu anasema tukipaka magogo oili chafu ya gari hawatayagusa. Ni kweli?
*Mama wa watoto wanne, Njombe*

Mama, mume wako ana sehemu ya ukweli, kwani mchwa hawaipendi oili. Lakini oili chafu haiingii ndani ya mti, hubaki juu, na gogo linapopasuka mchwa hupita kwenye ufa usio na oili hata tone. Tena inanuka, inachafua nguo za watoto, na inaupa moto nafasi ya kushika haraka. Mwachieni aipake nguzo za uzio.

Ulinzi wa kwanza ni umbo la nyumba. Mchwa wa ardhini hupanda kwa kujenga njia za udongo, kwa hiyo juu ya kila kijiguzo cha msingi weka kipande cha bati kilichotokeza pande zote na kukunjwa kingo kuelekea chini. Bati hilo haliwaui. Linawalazimisha kujenga njia zao mahali unapoziona, nawe ukipita na ufagio kila mwezi unazivunja. Nyumba iliyokaa chini kabisa haiokolewi na dawa, hata uinyunyizie nyingi kiasi gani.

Dawa ninayoipendekeza kwa magogo ya ukuta ni mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki, sehemu tatu kwa mbili, kilo moja ya mchanganyiko kwa lita 10 za maji ya moto. Paka mara mbili au tatu wakati gogo likiwa bado na unyevu, kwa kuwa dawa hii husafiri ndani kwa kufuata maji, kisha lifunike kwa nailoni kwa wiki mbili. Vaa glavu na uiweke mbali na watoto. Udhaifu wake ni kwamba mvua huiosha, na ndiyo maana nimemsumbua mwalimu kuhusu urefu wa paa.

Nguzo zinazochimbiwa ardhini zisiwe za dawa hiyo. Nunueni zile za kijani zilizosindikwa kiwandani kwa shinikizo. Dawa yake mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, kwa hiyo vipande vinavyobaki visichomwe jikoni kamwe, wala visichongwe vijiko au vibao vya kukatia mboga.

Kwetu milingoti (mikaratusi) ni mingi na rahisi kuliko paini. Je, naweza kuitumia kwa kuta?
*Msomaji, Makambako*

Kwa nguzo na kenchi, ndiyo. Kwa kuta, hapana. Mlingoti hukua ukiwa na mvutano mkubwa ndani yake, na ukikatwa hupasuka kuanzia ncha na kujikunja, tena ni mzito na mgumu kwa patasi. Utaupanga ukuta ukiwa umenyooka, na mwakani utakuta umejipinda kama upinde.

Nyufa kati ya gogo na gogo tunazijaza kwa nini? Fundi wangu anataka saruji.
*Msomaji, Lushoto*

Mkataze kwa upole. Saruji ni ngumu na gogo linasogea. Zitaachana ndani ya mwaka mmoja, na mwanya mwembamba utakaobaki utanyonya maji ya mvua na kuyashikilia dhidi ya mti. Kinachotakiwa ni kalafati, kama ile ya jahazi. Mafundi wa pwani huziba miungano ya mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta, wakiipigilia kwa patasi butu, na kwa kuwa pamba hubonyea na kutanuka, chombo hakiingizi maji hata mbao zikicheza. Huko kwenu Tanga katani ipo, na makapi yake laini yanafaa sana kwa kazi hii. Yatandaze juu ya kila gogo kabla ya kulaza la juu yake, kisha piga kalafati ya pili kutoka nje na ndani baada ya mwaka mmoja au miwili, ukuta ukishatulia. Mtu akipenda sura ya mstari mweupe, apake juu yake udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na chokaa kidogo na nyuzi, akijua kwamba ataurudia mara kwa mara.

Fedha niliyo nayo mwaka huu inatosha msingi tu. Nianze nao halafu nisubiri?
*Kijana anayejipanga, Mafinga*

Usianze na msingi. Ukiujenga sasa, utakaa mwaka mzima ukiota majani huku magogo yako yakiwa bado miti, na mwakani utajenga kwa magogo mabichi kwa haraka ya kuona kitu kimesimama. Fedha ya mwaka huu itumie kukata, kubambua na kununua bati za paa. Pigilia fito tatu nne juu ya rundo la magogo, laza bati hizo juu yake bila kuzitoboa kwa misumari, zikandamize kwa mawe, na ziache zifanye kazi ya kivuli mpaka Juni ijayo. Msingi utaujenga mwezi huo, nguzo zifuate Julai, na bati zilezile zipande juu ya kenchi kabla ya mvua za Novemba.