Maswali na majibu: kodi ya kusomeka na kodi ya kukimbia

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja: kodi iandikwe isomeke, au iandikwe ikimbie? (Nasema kodi hii ya kompyuta. Ile ya TRA na ile ya mwenye nyumba zina wenyewe.)

Shikamoo Mwalimu. Kiongozi wa timu yetu anataka kila fankisheni (kipande cha kodi chenye jina na kazi yake) ibanwe iwe na mistari michache kabisa. Anasema kodi fupi ndiyo yenye kasi. Ni kweli? – Msomaji, Mwanza

Marahaba. Si kweli, pamoja na heshima zote kwa kiongozi wako. Kompyuta haihesabu mistari, inafanya kazi uliyoiagiza, na mstari mmoja unaweza kuagiza kazi ya kutwa. Tazama huu wa lugha ya Python:

`wadaiwa = [m for m in wateja if m.namba not in waliolipa]`

Mfupi, na unasomeka vizuri tu. Lakini kama `waliolipa` ni orodha ya kawaida, kwa kila mteja Python inaanza kuipekua kutoka juu mpaka impate au orodha iishe. Ukiwa na wateja 20,000 na malipo 20,000, ulinganisho unaweza kukaribia milioni 400. Sasa ongeza mstari mmoja juu yake:

`waliolipa = set(waliolipa)`

Seti haipekui. Inakokotoa mahali pa kutazama, inaenda hapo hapo. Kodi imerefuka, imepata kasi, na anayeisoma bado anaielewa. Mwonyeshe kiongozi wako, ila iwe pembeni, si kwenye grupu la WhatsApp la kazini.

Ripoti yetu ya mwisho wa mwezi inachukua zaidi ya dakika nzima kufunguka. Vijana wanataka tuandike mfumo wote upya kwa lugha yenye kasi. Kodi iliyopo ni safi na naogopa kuipoteza. – Msimamizi wa mfumo, Nairobi

Dada, kuna aliyepima? Sisemi aliyehisi, nasema aliyepima. Python inakuja na `cProfile`, na lugha nyingine nazo zina vifaa vyao vya kuonyesha kila fankisheni imekula muda gani. Kiendesheni kwanza, ndipo mkutane.

Nikilazimishwa kubashiri bila kuiona, nitaitaja kanzidata, yaani ghala la data la mfumo. Ripoti za namna hii mara nyingi huchukua ankara zote kwa swali moja, kisha kwenye lupu (amri zinazorudiwa rudiwa) huuliza jina la mteja wa kila ankara, moja baada ya nyingine. Ankara 30,000 ni maswali 30,001. Safari ya kwenda na kurudi ikiwa milisekunde 2 tu, tayari ni dakika nzima. Ni sawa na kwenda sokoni ukanunua nyanya moja, ukarudi nyumbani, ukatoka tena kufuata kitunguu. Lugha mpya itakupa miguu mepesi, lakini safari zitabaki 30,001. Swali moja lenye `JOIN`, amri ya kuunganisha majedwali, linaleta kapu zima, na kodi inakuwa fupi na wazi kuliko ilivyokuwa.

Na msidhani ni ugonjwa wa timu ndogo. Mwaka 2021 mchezaji mmoja wa GTA Online, mchezo wa kompyuta, alichoka kusubiri kama dakika sita kila anapofungua mchezo, akauchunguza mwenyewe. Alikuta unasoma faili la maandishi la megabaiti 10 lenye bidhaa kama 63,000, na kwa kila kipande kinachosomwa programu ilipima upya urefu wa maandishi yote yaliyobaki. Halafu, kuhakikisha bidhaa haijirudii, ilipekua orodha nzima, kama wale wadaiwa wa Mwanza. Marekebisho yake yalishusha kusubiri hadi chini ya dakika mbili. Rockstar, wenye mchezo, wakaurekebisha na kumlipa dola 10,000. Mchezo huo umeandikwa kwa C++, kwa hiyo waambie vijana lugha ya kasi ilikuwepo tangu mwanzo.

Niandike `x << 1` badala ya `x * 2`? Nimesikia kusogeza biti (zile 0 na 1 zinazounda namba) kuna kasi zaidi. – Mwanafunzi, Dodoma

Andika `x * 2`. Kompaila za leo, programu zinazotafsiri kodi kuwa lugha ya mashine, zinajua ujanja huo na zinaufanya zenyewe zikiona unafaa.

Kwa hiyo kodi isiyosomeka haifai kamwe? – Msomaji, Mombasa

Inafaa, ila mahali padogo. Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta, aliandika mwaka 1974 kwamba tusahau vijiufanisi vidogo kama asilimia 97 ya wakati. Wengi hukatia nukuu hapo. Hapo hapo aliendelea kwamba ile asilimia 3 iliyobaki tusiiachie.

Mfano wa hiyo asilimia 3 ni mchezo wa kompyuta wa Quake III Arena wa 1999. Hesabu za mwanga kwenye michezo huhitaji kugawa moja kwa kipeuo cha pili, tena mara nyingi mno, na kompyuta za wakati ule zilifanya hivyo polepole. Ndani ya mchezo kulikuwa na fankisheni iliyochukua biti za namba ya desimali, ikazisoma kana kwamba ni namba nzima, kisha ikatoa nusu yake kutoka kwenye namba `0x5f3759df`. Kodi ilipowekwa wazi mwaka 2005, kando ya mstari huo palikutwa maoni yenye tusi, mwandishi akishangaa hii ni nini. Lakini tazama walivyoifungia: fankisheni fupi, yenye jina lake, anayeiita hahitaji kujua kilichomo. Na ujanja nao huchacha. Mwaka huo huo wa 1999 prosesa za Pentium III zilitoka na amri yake maalumu ya kazi hiyo hiyo.

Mimi niliwahi kubana ruhusa 11 za watumiaji kwenye namba moja, biti kwa biti, ili kuokoa nafasi. Jedwali lenyewe halikufika safu 400! Miezi minane baadaye nikapigiwa simu usiku kwamba mhudumu wa kaunta anaweza kufuta mauzo. Adhana ya alfajiri ilinikuta bado nahesabu kwa vidole biti ya saba ni ipi.

Napitia kodi ya mwenzangu. Kuna sehemu ina njia ya mkato, inakimbia kweli, ila siielewi. Niikatae? – Msomaji, Kampala

Usiikatae, iulizie. Akuonyeshe muda wa kabla na wa baada, kwa data ya ukubwa wa kweli, si safu kumi za majaribio. Njia ya kawaida, ile ya polepole, abaki nayo kwenye majaribio ili matokeo ya zote mbili yalinganishwe kila mara. Akikujibu "inaonekana ina kasi," mrudishie. Na juu ya sehemu hiyo aandike maneno ya mtu anayejua kuna mwingine atakuja kuisoma:

`# Njia ya kawaida: sekunde 41. Hii: sekunde 3. Pima kabla ya kugusa.`

Akiweka hayo, pitisha.