Maswali ya wasomaji: kibodi ya kudumu

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Mimi nachapa kutwa nzima, hizi kibodi za bei poa zinanifia herufi mojamoja, sasa nataka ya mekanikali, ile yenye swichi yake chini ya kila batani. Muuzaji kanionyesha boksi limeandikwa swichi inavumilia mibonyezo milioni 100, nimwamini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Salama ndugu yangu. Hiyo milioni 100 hata kampuni ya Cherry wanaiandika kwa swichi zao za MX nyekundu, si uongo, ila ni ya swichi safi, haijahesabu vumbi wala chai ya maziwa. Mimi swali langu la kwanza dukani huwa hili: swichi moja ikifa, inatoka vipi? Kama zimelehemiwa kwenye bodi hapo ni fundi na risasi ya kulehemu, lakini kama zimekaa kwenye soketi, wanaziita hotiswapu, unaichomoa mbovu kwa kibanio unachomeka nyingine, kazi imeisha, na spea hukosi maana kampuni za Gateron na Kailh nao wanatoa swichi za umbo hilohilo la MX. Kuwa makini na pini tu jamani, zile mbili nyembamba za chuma, zinyooshe kwanza halafu sukuma swichi wima, pini ikijikunja chini herufi inagoma na watu wanakimbilia kusema bodi imekufa. Ukikuta swichi ina miguu miwili ya plastiki ya ziada na bodi yako haina matundu yake, ikate tu na kikata kucha, haina kazi ya umeme.

Vifuniko vya batani chukua vya plastiki ya PBT, ile ya ABS inaanza kung'aa mapema pale vidole vinapopita sana. Na waya uwe wa kuchomoa.

SWALI: Kaka, batani zangu zimekuwa nzito na zinakwaruza, fundi anasema nitie mafuta ya cherehani. Nitie? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Usitie dada, tafadhali! Mafuta mepesi yanateremka mpaka kwenye kile kibati kinachogusana kupeleka umeme, yanakamata vumbi, kesho unabonyeza A mara moja zinatoka mbili. Chomoa kibodi, ng'oa vifuniko (tumia king'oleo cha waya, si bisibisi, inachuna), vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uviache vikauke kabisa hata ndani kwenye kitundu, huku bodi unaisafisha kwa brashi kavu ya rangi ukiwa umeiinamisha. Ukitaka ulaini wa kweli basi ni grisi ya swichi, Krytox 205g0 inasifika, unafungua swichi unapaka utando mwembamba kwenye reli zake tu, na hiyo ni kwa swichi laini kama nyekundu, za bluu zinazolia ziache, utaua mlio wake.

SWALI: Nimeona kibodi ya IBM Model M kuukuu, ninunue?

JIBU: Nunua! Ilianza kuuzwa 1985, kila batani ina springi yake, na kampuni ya Unicomp ya Lexington, Kentucky, Marekani, bado wanazitengeneza hivyohivyo. Plagi yake ya duara itataka kigeuzi cha USB chenye chipu, kile cha bei chee kisicho na chipu hakifanyi kazi. Kabla hujalipa itikise taratibu, ukisikia punje zinacheza ndani ujue vishikizo vya plastiki vya nyuma vimekatika, vinarekebishika kwa kutoboa na kufunga bolti ndogondogo, ila hapo mwambie ashushe bei.