Maswali ya Wasomaji: Sabuni ya Mwani Kwenda Ujerumani

SWALI: Mhariri, sisi ni kikundi cha akina mama wa Paje, Unguja, tunaotengeneza sabuni ya mwani kwa mafuta ya nazi na mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Wageni huipenda, na sasa mdogo wangu anayeishi Hamburg amepata duka linalotaka kuiuza. Tunacho cheti cha Taasisi ya Viwango Zanzibar, na tumeshachapisha lebo ya Kiingereza inayosema kuwa sabuni yetu ni ya asili na hutibu fangasi na chunusi. Je, tunaweza kutuma boksi la kwanza? Mdogo wangu anashauri tuanze na sampuli za bure, kwa kuwa anaamini hizo haziguswi na sheria.

JIBU: Dada yetu wa Paje, boksi hilo lisubiri kwanza. Ujerumani, kama nchi nyingine zote za Umoja wa Ulaya, hufuata Kanuni namba 1223 ya mwaka 2009 inayohusu vipodozi, na sabuni ya kuogea imo humo sawasawa na krimu au rangi ya mdomo. Kanuni hiyo haitoi msamaha kwa kikundi kidogo, kwa bidhaa iliyotengenezwa kwa mikono wala kwa bidhaa ya asili. Na sampuli zinazogawiwa bure katika shughuli ya biashara huhesabiwa kuwa zimeingia sokoni, kwa hiyo ushauri wa mdogo wako hauwezi kuwaokoa. Cheti chenu cha nyumbani kina maana yake, lakini hakichukui nafasi ya nyaraka zinazodaiwa kule.

Jambo la kwanza kabisa ni kumpata mwajibikaji. Kila kipodozi kinachouzwa katika Umoja huo lazima kiwe na mtu au kampuni yenye makao humo, inayobeba dhamana ya usalama wake mbele ya sheria, na ambayo jina na anwani yake huandikwa kwenye kifungashio. Kwa bidhaa itokayo nje, mzigo huo humwangukia mwagizaji, yaani mdogo wako au lile duka, isipokuwa amteue mwingine aliyemo ndani ya Umoja kwa maandishi, na huyo naye akubali kwa maandishi. Zipo kampuni zinazofanya kazi hiyo kwa malipo. Nisingependa mdogo wako aipokee kwa sababu ya undugu tu, kwa kuwa mteja akipata madhara, yeye ndiye atakayeulizwa, na yeye ndiye atakayepaswa kutunza jalada la bidhaa kwa miaka 10 baada ya shehena ya mwisho kuingia sokoni.

Ndani ya jalada hilo hati kuu ni ripoti ya usalama, iliyotiwa saini na mtaalamu mwenye shahada ya famasia, ya elimu ya sumu, ya udaktari au ya fani inayofanana na hizo. Mtaalamu huyo hatahitaji kuja Paje, ila atataka fomula yenu kamili kwa asilimia, hati za kila malighafi kutoka kwa aliyewauzia, maelezo ya hatua za utengenezaji, na ushahidi kwamba sabuni haiharibiki kabla ya muda mnaoutaja. Ikiwa mpaka sasa mnapima kwa kijiko na kikombe, nunueni mizani leo, mpime kwa gramu, na kila mpiko mpya upewe namba yake katika daftari. Mwani nao una swali lake: mimea ya baharini hufyonza metali zilizomo majini, na si ajabu mtaalamu akadai majibu ya maabara kuhusu aseniki, kadimiamu na risasi.

Hata hivyo, kiambato kitakachowashughulisha zaidi ni yale mafuta ya makonyo. Robo tatu au zaidi ya mafuta ya mkarafuu ni eujenoli, ambayo imo katika orodha ya manukato yanayoweza kuleta mzio, na sheria inataka itajwe kwa jina kwenye lebo ikiwa imepita asilimia 0.01 katika bidhaa ya kuoshwa, kama sabuni, au asilimia 0.001 katika bidhaa inayobaki mwilini. Mkitia asilimia moja tu ya mafuta hayo, mmekwisha kuupita mpaka huo zaidi ya mara 70. Kuupita si kosa. Kosa ni kutoitaja. Angalieni pia kwamba orodha hiyo, iliyokuwa na majina 26, ilipanuliwa mwaka 2023 hadi kupita 80, na bidhaa mpya zinatakiwa kuifuata kuanzia tarehe 31 Julai 2026.

Lebo mliyoichapisha itabidi ifanywe upya. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, kwa majina ya kimataifa ambayo hayatafsiriwi: mafuta ya nazi yaliyokwisha kuchanganyika na kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, huitwa Sodium Cocoate, na mafuta ya mkarafuu hutajwa pamoja na sehemu ya mti yalikotoka, kwa hiyo ya makonyo hayaandikwi kama ya karafuu yenyewe. Pamoja na hayo ziwepo uzito, tarehe ya mwisho ya matumizi bora, tahadhari, namba ya mpiko na nchi ya asili. Uzito, tarehe na tahadhari zisomeke kwa Kijerumani. Kiingereza peke yake hakitoshi.

Maneno "hutibu fangasi" yafuteni kabisa. Bidhaa inayodai kutibu ugonjwa huhesabiwa kuwa dawa, nayo dawa ina sheria zake, ngumu kuliko hizi. Semeni kwamba inasafisha na kulainisha ngozi, ikiwa mnaweza kulithibitisha hilo.

Mambo hayo yakikamilika, mwajibikaji huiandikisha sabuni katika mfumo wa mtandaoni wa Umoja wa Ulaya, bila ada, kabla haijauzwa. Gharama kubwa iko kwenye ripoti na maabara. Kwa kuwa kila fomula hutathminiwa, ningewashauri mpeleke sabuni ya aina moja tu. Zile za mchaichai na mlangilangi, kama mnazo, zisubiri mpaka hii ya kwanza ilipe gharama zake.

SWALI: Mimi ni muuzaji wa krimu za mafuta ya nazi, Mombasa. Mwajibikaji wangu yuko Uholanzi. Je, naweza kuuza London kwa nyaraka hizo hizo?

JIBU: Ripoti ya usalama inaweza kukufaa kwa sehemu kubwa, kwa kuwa sheria ya Uingereza ilichipuka kutoka ile ya Ulaya, lakini mwajibikaji wa Uholanzi hatambuliwi tena London. Tangu mwaka 2021 unahitaji mwajibikaji mwenye anwani Uingereza, ambaye ataiandikisha krimu katika mfumo wa nchi hiyo, na anwani yake lazima iwe kwenye lebo. Unaweza kuziandika anwani zote mbili katika kifungashio kimoja. Ukipata mteja Belfast, kumbuka kwamba Ireland ya Kaskazini bado inafuata kanuni za Umoja wa Ulaya kwa vipodozi, na huko mwajibikaji wako wa Uholanzi anatosha.